Pikapu Yako Inakunywa Mafuta Kama Mlevi? Kabla Ulipe Fundi, Piga Hii Hesabu

Kila tarehe 14 EPRA ikitoa bei mpya ya mafuta, wasee wa pikapu ndogo huwa na swali moja tu: kesho tanki itameza ngapi?

Tumetoka mbali. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na Oktoba mwaka huo petroli ikagonga 217.36 kwa lita hapa Nairobi. Julai 2024, ushuru wa kurekebisha barabara nao ukaruka kutoka bob 18 hadi 25 kwa lita. Jamaa anayebeba waru kutoka Kinangop hadi Marikiti hawezi kumrudishia mtu hiyo gharama, juu dalali tayari amepanga bei ya trip. Kitu anaweza gusa ni gari yake mwenyewe.

Hapo ndio biashara ya "kupunguza mafuta" inaingia. Ukiingia TikTok utauziwa kidude cha kuchomeka chini ya dashibodi, ama sumaku ya kufunga kwa paipu ya mafuta. Buda, weka pesa mfukoni. EPA, lile shirika la mazingira la Marekani, limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo, na ni vichache sana vilionyesha faida yoyote.

Mods za kuachana nazo

Kuna wasee hutoa mlango wa nyuma wa bodi wakidhani upepo utapita fiti. Ni kinyume. Mlango ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kutengeneza kama mto, halafu upepo unateleza juu yake. Ukiutoa, hupati kitu.

Kutoa themostati ndio mbaya zaidi. Gari ikichemsha, fundi wa mtaa anaing'oa na kukuambia imepona. Injini sasa inakaa baridi muda mrefu, na injini baridi hudai mafuta mengi. Tatizo la radieta bado liko pale pale, na wewe unalipa kwa pampu kila siku.

Halafu kuna kuteremka na free. Kwa injini ya injekta, ukiachilia mafuta gari ikiwa kwa gia, kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukiweka free, injini inaendelea kunywa ndio isizime. Na kwa ule mteremko wa Mai Mahiu na mzigo nyuma, breki zikichoka hakuna mtu atakuuliza uliokoa lita ngapi.

Zenye zinafanya kazi

Anza na kutoa, si kuongeza. Keria ya chuma isiyotumika, bulbaa nzito, spea za mwaka jana nyuma ya kiti: zote chini. Kila kilo 45 hivi hula kama asilimia 1 ya mafuta, na gari ndogo huumia zaidi.

Rudisha tairi za saizi ya kiwanda, na ujaze presha kulingana na ile karatasi ya mlangoni. Kama pikapu ni ile mzee ya kabureta, safisha air cleaner na upange kabureta vizuri. Hapo utaona tofauti. Kwa injekta, air cleaner chafu hupunguza nguvu lakini mafuta hayabadiliki sana.

Turubai iliyokazwa juu ya bodi inasaidia kiasi kwa highway. Kwa jam ya Jogoo Road, upepo si adui yako, adui ni kukanyaga na kufunga breki. Na ukitoka 80 hadi 110 kwa saa, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma inakaribia kuwa mara mbili. Mguu wako ndio mod ya bei rahisi kuliko zote.

Hesabu sasa

Tuseme unapiga kilomita 100 kwa siku, gari inakupa kilomita 10 kwa lita, na lita ni 180. Hiyo ni 1,800 kwa siku. Ukipunguza asilimia 10, unabaki na 180. Siku 26 za kazi, ni 4,680 kwa mwezi. Hiyo ni ganji ya kodi kwa wasee wengi.

Lakini usiamini fundi, na usiniamini mimi pia. Jaza tanki hadi juu, andika kilomita, fanya kazi wiki nzima, jaza tena pampu ile ile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Badilisha kitu kimoja, upime tena. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo hutajua gani ilisaidia.

Ushuru hautashuka juu umetoa keria. Lakini ukijua kila kilomita inakukula bob 18 ya mafuta, dalali akikutajia bei ya trip utajua kama anakulipa ama wewe ndio unamlipa.