Kioo cha Sebuleni Kisivunje Nyumba: Kabla Hujapiga Msumari, Uliza Kitatazama Nini

Wadau, leo tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani. Nataka tuongelee kioo. Sio cha simu, ni kile kikubwa chenye fremu ya dhahabu ambacho siku hizi ukijenga tu hapa Rubwera unakitaka sebuleni.

Kuna dada mmoja, jina kapuni, ndoa yake bado changa. Aliona mtandaoni sebule ya staa mmoja wa Bongo Fleva, kioo kirefu kama mlango, akaipenda. Hela ya kahawa ilipoingia, mume akajikaza. Kioo kikaja na pikapu kutoka Kayanga kimelazwa chali juu ya mizigo, na kwa mashimo yale kikafika na ufa. Wakanunua cha pili. (Jamani, kioo kinasafirishwa kimesimama, kimezungushiwa blanketi. Ukikilaza, kila shimo linakipiga katikati.)

Cha pili kikatundikwa juu ya sofa kubwa, kwa msumari mmoja, kikitazamana na mlango wa chumbani. Picha za kutupia zikatoka kali kweli. Ila wiki hiyohiyo mgeni aliyekaa kiti cha pembeni akawa anaona kitanda chao mpaka foronya. Hakuna aliyesema, ila wote waliona.

Halafu mvua zikaanza, na mama mkwe alikuwa amekuja kuwasaidia kulea mtoto. Radi ya kwanza tu, mama akainuka akakifunika kioo kwa kitenge. Dada akakifunua. Mama akafunika tena. Dada akasema, mbele ya majirani, "Mama, huu ni ushamba." Mama hakujibu. Kesho yake asubuhi alifunga mzigo wake akarudi kwake, na jamaa akakaa siku kadhaa haongei na mkewe.

Sasa maoni yangu, na najua wengine hamtanipenda.

Kwenye radi, dada ana haki kwa upande mmoja. Kioo hakivuti radi. Radi inapenda kitu kirefu kilichosimama peke yake, kama mti au mlingoti wa antena, na inaingia ndani kwa kupitia nyaya. Lakini hofu ya mama sio ya kuchekwa. Huku kwetu radi zinaua. Hapo jirani Geita, Januari 2025, wanafunzi 7 walifariki kwa radi wakiwa shuleni wilayani Bukombe. Kwa hiyo mama akitaka kufunika, mwache afunike, kitenge hakigharimu kitu. Wewe kazi yako ni kuchomoa tivii kabla mvua haijafika, na kuwatoa watoto chini ya miti na karibu na nyaya. Kosa ni kufunika kioo halafu mkajiona mmemaliza. Na kumwita mama mkwe mshamba mbele za watu, hilo halina utetezi kabisa.

Kumbe kulikuwa na jingine. Jamaa alinisimulia baadaye kwamba mama yake hakuwa anaogopa radi tu. Kila alipokaa kwenye lile sofa alikuwa anageuka kuuangalia ule msumari. Mjukuu alikuwa analazwa palepale chini yake mchana.

Mnakumbuka tarehe 10 Septemba 2016? Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu wa Kagera, watu 17 wakapoteza maisha na maelfu ya nyumba zikaharibika. Ardhi yetu imeshatuonyesha inaweza kufanya nini. Halafu mtu anatundika kioo kizito kwa msumari mmoja kwenye tofali za kuchoma, juu ya kichwa cha mtoto! Huyo mama tunayemwita mshamba ndiye pekee aliyeliona.

Kwa hiyo ukinunua kioo cha sebuleni, usianze na fremu. Anza kwa kukaa kila kiti cha sebule yako na kujiuliza: mtu wa hapa ataona nini ndani yake? Kikitazama dirisha, kinarudisha mwanga ndani, na usiku taa yako ya sola ukiiweka mbele yake chumba kinachangamka. Kikitazama mlango wa chumbani au choo, umeweka siri zako hadharani.

Ukubwa nao unatuponza. Kujiona mwili mzima huhitaji kioo cha urefu wako wote, nusu yake inatosha. Mwenye sentimita 160 anahitaji kioo cha 80 tu, mradi ukingo wa juu uwe juu kidogo ya macho yake. Hela inayobaki nunua skrubu ndefu na umlipe fundi anayejua kazi, akifunge pande mbili, pasipo na kiti wala kitanda chini yake. Ukuta unaolowa mvua uache. Unyevu ukiingia nyuma ya kioo unakula rangi yake, unaanza kuona madoa meusi pembeni.

Tuwe wakweli, yule staa anapiga picha, sisi tunaishi. Sebule yake haina mtoto anayelala mchana, haina mama mkwe, haina mvua za huku. Kuiga sio dhambi, ila kabla ya kuiga angalia nani anakaa chini ya hicho kitu.

Mwisho wake? Dada alipanda boda mwenyewe, akaenda kwa mkwe wake kupiga magoti na kuomba radhi. Mama amerudi. Kioo kimehamishiwa ukuta wa pembeni, skrubu nne, kinatazama dirisha la upande wa migomba. Pembeni yake kuna kijimsumari kidogo kinachoning'iniza kitenge, mvua ikija mama anafunika na dada anachomoa tivii. Na mama sasa anakipenda, maana akikaa kwenye kiti chake anamwona mgeni anayekuja uani kabla hajapiga hodi.