Eti Kuandika Hakufundishwi

Kuna hoja iliyochapishwa inayodai hivi: chuo kikuu kisipoteze saa kufundisha kuandika, kwani mwandishi huzaliwa, na asiye na kipaji alipaswa kumalizana na insha huko sekondari. Sekondari ipi? Mtoto wa Mutoyi, mkoani Gitega nchini Burundi, huanza shule kwa Kirundi, kisha masomo yanahamia Kifaransa, huku Kiingereza na Kiswahili navyo vikidai nafasi. Chuoni anadaiwa tasnifu yenye hoja, ushahidi na marejeo, maandishi ambayo insha ya sekondari haikuyagusa. Kumrudisha huko ni kumnyima mtu chakula kisha kumlaumu kwa kukonda.

Dai la kipaji ndilo linalochekesha zaidi. Daktari husomeshwa, mhandisi husomeshwa, ila mwandishi eti hushuka na kalamu mkononi! Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha jarida la Penpoint mwaka 1958, na humo Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwanafunzi, alichapisha hadithi zake za mwanzo. Kipaji alikuwa nacho, nani anabisha? Lakini alikuwa pia na jarida, wahariri na wasomaji. Watasema madarasa yamefurika, mhadhiri hawezi kusahihisha kila tasnifu. Basi aanze na aya moja: aandike pembeni "Ushahidi uko wapi?" na kuirudisha iandikwe upya. Anayeona kazi hiyo inamshushia hadhi asilalamike akiletewa tasnifu zilizonakiliwa neno kwa neno. Kunakili hakuhitaji mwalimu.