Viboko havimtulizi mtoto anayelipuka

Mwanafunzi wa darasa la tano anakanyagwa mguu kwenye foleni ya uji. Kabla mwenzake hajasema samahani, ngumi imeshamfika usoni. Dakika mbili baadaye mpigaji mwenyewe analia, hawezi kueleza kilichompata. Walimu wanamwita mkorofi, na dawa yake inajulikana: viboko.

Dawa hiyo si yake. Wanasaikolojia hutofautisha ugomvi wa kupanga, wa mtoto anayemvizia mwenzake ampore hela, na ugomvi wa kulipuka. Huyu wa kulipuka hana hesabu yoyote kichwani. Ameona shari pale palipotokea bahati mbaya, na sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo breki ya mtu, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20.

Mwaka 2014, Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Asilimia 95 walikuwa wameshachapwa, na waliochapwa zaidi ndio waliokuwa wakorofi zaidi. Atakuja mtu aseme wamechapwa kwa sababu ni wakorofi. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye msiba: Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, alionyesha jinsi mzazi anavyofoka, mtoto akafoka zaidi, mpaka mmoja asalimu amri na mwingine ajifunze kwamba ukali unalipa.

Ndiyo maana tiba yenye ushahidi mkubwa huanza na mzazi. Anafundishwa kutoa agizo moja fupi, kusifu papo hapo mtoto anapojizuia, kuyapuuza madogo, na kutoa adhabu ndogo isiyobadilika leo na kesho. Mtoto naye anafundishwa kuutambua moyo unapoanza kwenda mbio. Dawa kama risperidoni zipo, ila hunenepesha na hazistahili kutangulia.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania za 2002 bado zinaruhusu vinne. Hata hivyo, katika jaribio lililofanyika kwenye shule nane za sekondari nchini Tanzania, walimu waliopata mafunzo ya siku tano na nusu walipunguza kuwapiga na kuwatukana wanafunzi. Siku tano na nusu! Wizara ya Elimu inaweza kuyaanzisha mafunzo hayo likizo ijayo, ikianza na walimu wa nidhamu.