Ulimi Hautambui Sumu

“Daktari, niliionja kwanza. Ilikuwa nzuri.”

Maneno hayo niliambiwa na fundi seremala wa makamo aliyeletwa wodini asubuhi moja akihema kwa kasi na kulalamika kwamba mbele yake anaona ukungu mweupe. Juzi yake usiku alikuwa amekunywa pombe kali iliyouzwa mtaani katika chupa isiyo na nembo. Tulifaulu kuokoa uhai wake, lakini macho hayakurudi, na pasipo macho randa yake haikuwa na kazi tena. Tangu siku hiyo nimelitafakari neno moja katika usemi wake: kuonja.

Kuonja mvinyo na wiski ni taaluma kamili. Mwonjaji hutazama rangi ya kinywaji mbele ya karatasi nyeupe, hukizungusha katika bilauri ili harufu ipande, hunusa, kisha hukipitisha kinywani na kukitema. Wachanganyaji wa wiski hutegemea pua kuliko ulimi, nao aghalabu huongeza maji ili ukali wa kileo usizibe harufu nyingine. Wajuzi hawa hutema kwa sababu wanaelewa kwamba kileo kinachomezwa hupunguza uwezo wa kupima. Hata hivyo, nao hukosea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo mjini Bordeaux, Ufaransa, walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno yanayotumika kuelezea mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameipotosha pua.

Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa waliofunzwa, mnywaji wa kawaida anategemea nini anapoamini kwamba akionja tu atajua kama kinywaji ni salama? Methanoli, kileo cha viwandani ambacho wafanyabiashara wasio waaminifu huchanganya katika pombe ili kuzidisha faida, inakaribiana mno kwa harufu na ladha na ethanoli, kileo cha kawaida. Wapo wanaowasha pombe kwa kiberiti na kuridhika wakiona mwali wa buluu. Kipimo hicho ni cha uongo, kwani methanoli nayo huwaka kwa mwali wa buluu hafifu, na mchanganyiko wa vileo hivyo viwili hauwezi kutofautishwa kwa macho. Mjini Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Nina hakika wengi wao waliionja kabla ya kumaliza kikombe.

Ubaya wa sumu hii ni subira yake. Methanoli yenyewe haina madhara makubwa inapoingia mwilini. Ni ini linaloigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, nayo asidi hiyo ndiyo inayoharibu neva za macho na kuchafua damu. Kwa kawaida dalili huanza baada ya saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi ikiwa mtu amekunywa pia pombe ya kawaida. Kwa hiyo mgonjwa huamka akidhani ana uchovu wa ulevi, akalala tena, na muda wa kumwokoa ukapita.

Maoni yangu ni kwamba sisi wahudumu wa afya tuna sehemu yetu katika lawama. Mgonjwa anayenuka pombe tunampokea kwa karipio, naye hujifunza kuficha. Kila mtu anayekuja na ukungu machoni, maumivu ya tumbo, kutapika au kuhema kwa kasi aulizwe kwa upole: umekunywa nini, lini, na nani wengine walikunywa? Swali la mwisho huokoa maisha ya watu ambao bado hawajahisi lolote. Tiba ipo: fomepizoli au ethanoli ya kitabibu huzuia ini lisitengeneze sumu, bikaboneti hupunguza asidi, na mashine ya kusafisha damu huiondoa sumu. Hospitali ya wilaya isiyo na mashine hiyo inaweza kuanza tiba wakati inapoandaa rufaa. Nyumbani, hata hivyo, mtu asijitibu kwa kunywa pombe zaidi. Aende hospitali mara moja.

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha mnywaji hatari za chupa isiyo na nembo ni kumhalalishia chupa yenye nembo. Sikubaliani nao. Pombe yoyote ina madhara. Tangu mwaka 1988 imeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na ukweli huo hatuufichi. Lakini hatumnyimi mtu ukweli unaoweza kumwokoa leo kwa kuwa hajafuata ushauri wetu wa jana.

Ndugu msomaji, mjuzi wa mvinyo huonja na kutema. Asiyejua kinywaji kimetoka wapi asikiweke kinywani kabisa. Ulimi hupima utamu. Usalama haumo katika uwezo wake.