Mikono ya Musa

Mama mmoja wa mtaa wetu alimwuguza jirani mwenye saratani miezi 5 bila ujira, nasi tukamsifu. Siku ya maziko nilimkuta uani akilia peke yake. Akaniambia, “Mwalimu, kila Jumapili mlikuja kumtazama mgonjwa, mimi hakuna aliyeniuliza nimelalaje.” Nikaona haya.

Twasoma katika Kutoka, sura ya 17, ya kuwa mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri walimwekea jiwe akalie, wakaitegemeza mikono yake hata jua likachwa. Hawakumwambia, “Jikaze.”

Basi, mwendapo kwa mgonjwa, mwulizeni hali yake na yule amwuguzaye. Mwacheni aseme, mwacheni alie; kisha mmoja wenu akeshe badala yake, apate kulala. Machozi yake si upungufu wa imani.