BWANA SHAMBA ANASEMA: Jua Kwanza Oili Inatoka Wapi

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya funza wa vitumba. Leo tuzungumze juu ya gari linalobeba pamba yako.

Magari mengi ya vijijini kwetu ni ya zamani. Asubuhi unaona doa jeusi chini ya injini. Watu husema, "Sili imekufa." Kisha hukimbilia dukani. Mimi pia nilifanya hivyo.

Mwaka 2019 pikapu yangu ilivuja oili upande wa mbele. Nilibadilisha sili. Baada ya wiki mbili oili ikarudi. Nikabadilisha tena. Siku moja nilitoka Lagangabilili na mzigo wa pamba. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasema moyoni, "Nitafika Bariadi." Sikufika. Injini ilikwama njiani.

Niliuza maksai wawili ili kuitengeneza. Msimu uliofuata nililima kwa maksai wa kuazima, tena kwa kuchelewa.

Fundi aliyeifungua aliniuliza swali moja: "Kipumulio ulikitazama?" Sikuwa nimekitazama. Kilikuwa kimeziba kabisa.

Sili ni nini?

Sili ni pete ya mpira. Hukaa pale shafti ya injini inapotokea nje. Ina mdomo laini na springi ndogo. Mdomo huo huishika shafti ili oili isitoke. Kwa joto na miaka mingi, mpira hukakamaa na kupasuka.

Kipumulio kina kazi gani?

Injini ikifanya kazi, moshi kidogo hupita pembeni mwa pistoni na kuingia chini kwenye oili. Moshi huo hutoka kwa bomba la kipumulio. Bomba likizibwa na vumbi au masizi, moshi hukosa njia. Husukuma oili ipite kwenye sili. Hapo hata sili mpya itavuja.

Fanya hivi:

1. Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Gari liwe mahali tambarare.

2. Injini ikiwa baridi, isafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usitumie petroli. Kausha vizuri.

3. Washa injini kwa muda, kisha zima. Tazama kuanzia juu. Oili huteremka. Huenda inatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, nawe unailaumu sili ya chini.

4. Fungua bomba la kipumulio. Lioshe na ulipulize. Hewa ipite bila shida.

5. Injini ikiwa imewashwa, legeza kifuniko cha kujazia oili. Moshi mwingi ukitoka kwa nguvu wakati kipumulio ni safi, pistoni au ringi zimechakaa. Sili haitaponya ugonjwa huo.

Ikiwa ni sili ya mbele

Sili hii iko nyuma ya puli ya mbele. Fundi akiibadilisha, simama utazame. Asikwaruze shafti anapoitoa ya zamani. Apapase shafti kwa kidole. Kama kuna mfereji, sili mpya nayo itavuja, mpaka mfereji huo urekebishwe. Upande wenye springi utazame ndani, kwenye oili. Mdomo upakwe oili kwanza. Sili igongwe polepole pande zote, iingie sawasawa.

Ikiwa ni sili ya nyuma

Oili itadondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Klachi inaweza kuteleza. Kazi hii inahitaji giaboksi ishushwe. Mwachie fundi mwenye vifaa. Wala usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Taa nyekundu ikiwaka

Simama. Zima injini. Usiseme, "Nitafika." Pamba ikilala njiani usiku mmoja, kesho utaiuza. Injini ikikwama, utauza ng'ombe.

Tena, usimwage oili chafu karibu na kisima au lambo. Ng'ombe wetu hunywa humo, nasi pia.

Ndugu msomaji, shambani hatunyunyizi dawa kabla ya kumjua mdudu. Gari nalo ni vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini tone na tone humaliza oili.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini sili mpya inaweza kuvuja?
2. Utajuaje kwamba oili inatoka juu, si chini?
3. Katika kijiji chenu, oili chafu hutupwa wapi? Je, ni mbali na maji?

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wako,
Bariadi