Mtoto Asiyeruhusiwa Kuuliza



Kutoka kwetu Kimuli hadi Kanungu, Uganda, twavuka mpaka mmoja tu. Huko, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini wa kikundi cha Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea kanisani. Baadaye makaburi ya halaiki yakafukuliwa kwingineko. Tusijidanganye kwamba viongozi wao walikuwa watu wa mbali na imani yetu. Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walitoka katika Kanisa Katoliki, na Dominic Kataribabo alikuwa padre, tena msomi kutupita wengi wetu.

Lakini tunaowakumbuka zaidi ni watoto. Walilelewa katika ukimya, wakizungumza kwa ishara, eti ulimi usije ukavunja amri ya kutosema uongo. Mtoto wa namna hiyo angemwuliza nani, "Baba, tunapelekwa wapi?"

Basi mhubiri msafiri akibisha hodi kwenu na kutaka mafundisho ya faragha, mwacheni mtoto amwulize swali, nanyi mtazameni mhubiri usoni. Nasi mapadre na makatekista tuulizwe vivyo hivyo katika mafundisho ya Kipaimara, hata pale swali linapotuchosha (na mara nyingi linatuchosha).